Nilivyoigawa Zamu Yangu kwa Sababu ya Mfarishi

Ijumaa, baada ya swala ya alasiri. Mawingu yametanda tangu asubuhi, mvua inatishia tu, hainyeshi.

Assalaam alaykum, wewe unayenisoma. Hujambo? Nyumbani hawajambo, wazee, watoto? Wagonjwa wako wamepata nafuu? Mimi mzima, alhamdulillahi, isipokuwa mgongo, na mgongo wangu ni wa cherehani, siulalamikii.

Najua wengi mnafungua ukurasa huu kutazama picha za mifarishi. Leo hakuna picha. Leo nina jambo moyoni, na nikilifungia humo litaniumiza.

Kwa mgeni niseme kwanza: mimi nashona mifarishi hapa Bagamoyo. Mfarishi ni tandiko nene la kitandani. Juu viraka vya khanga na vitenge, katikati pamba, chini kitambaa kimoja, vyote vikashonwa vikashikana. Vipande naviokota kwa mafundi cherehani wa mjini, wao kwao ni taka. Mitindo naitoa kichwani. Sikusoma sana, nilimaliza darasa la saba nikakaa na marehemu mama yangu kusuka mikeka. Mkeka unasukwa ukili mrefu mrefu, halafu kili zinaunganishwa. Viraka vyangu navipanga vivyo hivyo, ukanda kwa ukanda.

La pili la kujua: mume wangu, Baba Rukia, ana wake wawili. Mimi mkubwa, wa hapa mjini. Mwenzangu, Mwajuma, yuko Zinga, anauza chapati na vitumbua barabarani asubuhi. Siku mbili kwangu, siku mbili kwake, ndivyo tunavyoishi miaka mingi sasa. Sisemi hapakuwa na machozi mwanzoni. Yalikuwapo, yakakauka. Siku hizi nikiumwa jino Mwajuma ndiye ninayempigia simu kwanza.

Mwezi uliopita kikundi chetu cha akina mama wajasiriamali kilileta binti mmoja kutufundisha namna ya kugawa muda wa kazi na muda wa nyumbani. Akachora duara ubaoni, akalikata kama keki, akatuuliza kila mmoja ratiba yake. Nikasema: siku mume wangu akiwa Zinga, nashona. Siku akiwa kwangu, cherehani naifunika khanga, napika, tunazungumza. Binti akaandika, akafuta, akaandika tena. Mama mmoja kule nyuma akasema, "Mwenzetu ratiba yake ina kirikuu, inakuja na kuondoka."

Tulicheka sote, maana kirikuu, kigari cha mizigo cha Baba Rukia, kila mtu anakijua. Ndicho anachobebea majamvi, masufuria na maturubai anayokodisha kwenye harusi na misiba.

Nikarudi nyumbani najiona nimefuzu.

Ndipo ikaja kazi ya nyumba ya wageni. Mama mmoja anafungua vyumba karibu na ufukwe, akaniagiza mifarishi ya vitanda vyote, mikubwa, ya sita kwa sita. Sikuwahi kupata kazi kubwa kama hiyo. Nilisujudu sijda ya shukrani palepale uani, kuku wananishangaa.

Taabu ni pa kutandaza. Sebule yangu ina makochi na meza ya kukatia. Mahali pekee penye sita kwa sita nyumbani kwangu ni kitandani. Basi nikatandaza viraka kitandani, bila pini, nikapanda juu ya stuli nikatazama, nikashuka nikahamisha kimoja, nikapanda tena. Hivyo kutwa nzima. Rangi hazitaki haraka. Zinagombana, halafu zinapatana. Ukivikusanya viraka kabla hujashona, kazi yote imepotea. Mnaosema si ungepiga picha, nilipiga. Kwenye simu nyekundu zote ni mapacha. Kitandani kila nyekundu ina tabia yake.

Siku ya zamu yangu ikafika, mfarishi wa kwanza uko kitandani na umekaribia kukubali. Nikampigia Mwajuma.

"Mwenzangu, nakuomba kitu. Zamu yangu ya leo na kesho ichukue wewe."

"Kwani kafanya nini?"

"Hajafanya kitu."

"Anaumwa?"

"Mzima."

"Sasa kama mzima na hajafanya kitu, mbona unanipa?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka nikasikia mwiko wake ukianguka. "Haya, abaki huku. Lakini dada, si ndiye huyu huyu tuliyemgombania?"

Kwenye darasa letu la dini tumefundishwa kwamba mke akiridhia anaweza kumwachia mwenziwe zamu yake. Hilo nililishika kwa mikono miwili. Kwamba mume naye ana moyo, hilo sikwenda kulitafuta kwenye somo.

Baba Rukia nilimwambia hivi tu: "Endelea kukaa Zinga, mimi nimeridhia." Sababu sikumpa. Naye hakuuliza. Akaniambia kwa upole, "Mungu akulipe," akidhani nimefanya kwa thawabu.

Ningeacha hapo, lakini wa kwanza ulipokwisha, wa pili ukapanda kitandani. Nikaomba tena. Mimi nalala chini kwenye mkeka, viraka vinalala kwenye godoro. Mume wangu akipita alasiri kunijulia hali ananiletea sahani ya vitumbua kutoka kwa Mwajuma. Nami sahani siirudishi tupu, si adabu. Natia korosho za kukaanga, au kipande cha boga la nazi. Anakunywa chai, anachukua sahani, anaondoka.

Kisha kwenye darasa la akina mama shoga yangu mmoja akanishika mkono mbele ya watu. "Mumeo kasema barazani, mke wangu mkubwa ana moyo. Anamwachia mwenziwe zamu kwa radhi ya Mungu. Wallahi, wewe ni mtu wa peponi." Wanawake wakaitikia. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Ilikuwa haya.

Juzi Jumatano yakafika mwisho. Jirani ya Mwajuma ana maulidi, akampa kazi ya chapati na vitumbua vya watu wote. Mwajuma akanipigia, nyuma yake nasikia kelele za wanawake na masufuria. "Dada, zamu yako nakurudishia, na ya kwangu juu. Huku hata mimi sina pa kulala, kitanda kizima kimejaa masinia."

"Mwajuma, usimlete leo. Wa pili haujakubali."

"Ameshaondoka."

Na kweli, kirikuu nikakisikia kikikata kona. Baba Rukia akaingia na sahani mkononi, imefunikwa kwa kawa. Hakukaa sebuleni. Akaenda moja kwa moja chumbani kutundika kofia yake, kama afanyavyo siku zote. Akasimama mlangoni.

Kitanda kizima ni viraka. Chini mkeka wangu, na mto wangu juu yake.

"Kumbe," alisema.

Nikainama nikauokota mto.

"Kumbe ni hivi." Baba Rukia akikasirika hapandishi sauti, sauti yake inashuka. "Nimekusifia kwa watu, Mama Rukia. Mpaka kwa imamu."

"Nisamehe, Baba Rukia."

"Zinga kitandani kuna masinia. Hapa kuna matambara. Mmenifanya sahani ya jirani. Huyu ananipeleka na vitumbua, huyu ananirudisha na korosho." Akaniwekea sahani mkononi. "Basi pokea. Haiko tupu."

Akachukua kikoi chake kwenye kamba, akatoka. Kirikuu kikaondoka, na sikujua kimeelekea wapi.

Nilikaa kwenye stuli ile ile ninayopandia kutazama rangi. Mwanamke akilala peke yake kwa ajili ya mke mwenza, watu watamwelewa, watamfariji. Mume mwenye wake wawili akikosa pa kulala, atamwambia nani? Atasemea baraza gani? Nilimwonea huruma. Na huruma yenyewe nimeitengeneza mimi.

Nikaanza kuvikusanya viraka, ukanda kwa ukanda, kazi ya siku kadhaa. Chozi likadondokea kitenge cha njano, rangi ikatoka. Na fundi aliyenipa kipande hicho aliniapia kwamba hakitoi rangi.

Nikampigia Mwajuma. "Amerudi huko?"

"Hayuko huku. Kwani hayuko kwako?" Nikamweleza. Kelele za nyuma zikawa mbali, nadhani alitoka nje. "Dada, tumemkosea."

"Tumemkosea."

"Mimi nilicheka," akasema. Akawa kama anataka kucheka tena, akashindwa.

Magharibi ikaadhiniwa. Nikaswali, na kusema kweli sikuomba dua ndefu. Nilisema, ya Rabbi, mrudishe, kitanda ni chake. Sijakunja mswala vizuri nikasikia kirikuu.

Akaingia na jamvi begani. Lile kubwa la shughuli, linalobebwa na watu wawili, yeye kalibeba peke yake kwa hasira. "Sogea," akaniambia. Akasukuma makochi mpaka ukutani, meza ya kukatia akaitoa uani, akalitandaza jamvi sebule nzima. Likajaa ukuta kwa ukuta. Lilinuka pilau.

"Panga hapa. Ukichoka liviringishe, na viraka vyako ndani. Kesho ukilifungua utavikuta palepale."

"Havitasogea?"

"Majamvi naviringisha mimi kila siku ya Mungu. Juzi nimeviringisha na miwani ya sheikh ndani. Hata kusogea haikusogea."

Mimi, binti wa msuka mikeka, nimelala chini siku zote hizo na jamvi sikulikumbuka. Sikulikumbuka kwa sababu kazi yangu sikuwahi kumzungumzia. Nashona akiwa hayupo, akija nafunika. Niliona ni heshima. Mume wangu anajua mifarishi ikishakwisha na kukunjwa. Ukipangwa hajawahi kuona hata mmoja.

Jumatano aliona. Alikaa kwenye kochi ukutani, magoti juu kwa sababu ya ufinyu, anakula vitumbua vya Mwajuma huku mimi nikivirudisha viraka kimoja kimoja nilivyovikumbuka. Baadaye akanyoosha kidole. "Hiyo nyekundu na ile ya pembeni hazipatani."

Alikosea. Zilikuwa zinapatana vizuri sana. Lakini niliihamisha, na mpaka naandika hapa ipo alipotaka yeye.

Tulipokaa kula akasema lake, na nimeliweka hapa ili nisilisahau. "Zamu gawaneni mnavyotaka, dini imewaruhusu. Lakini mniulize. Na mimi nina mdomo."

Jana nilimpigia mama wa nyumba ya wageni nikamwambia ukweli, kwamba mifarishi itachelewa. Hakufurahi. Amesema atafungua vyumba viwili kwanza, vingine vitangoja. Nimekubali. Shoga yangu wa darasani naye nimemweleza habari yote, maana sifa isiyo yangu ilikuwa inaniwasha. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, basi peponi tutakwenda wote lakini wewe utapita mlango wa nyuma.

Leo ni zamu ya Mwajuma, ya haki, hakuna aliyemgawia. Maulidi yamekwisha na masinia yameshuka kitandani, amenihakikishia mwenyewe. Baba Rukia alirudi kutoka swala ya Ijumaa, akala, akachukua sahani. Ndani nimetia korosho, na juu yake nimeweka mto mdogo wa viraka, Mwajuma aukalie kwenye kigoda chake pale barabarani. Mlangoni akageuka.

"Na leo mimi ni nani, sahani au mbebaji?"

"Mbebaji," nikamwambia. "Sahani si umeishika?"

Alicheka mpaka ndani ya kirikuu.

Sasa nyumba imetulia. Mfarishi wa pili uko sebuleni juu ya jamvi, unanuka pilau kidogo, itabidi niuanike kabla sijaupeleka kwa wenyewe. Chumbani kitanda kiko kitupu, kipana. Ningeweza kuutandaza wa tatu sasa hivi, hakuna wa kunizuia, siku zenyewe ni zangu za kushona.

Nimetandika shuka safi, nimekiacha.

Wewe je, unayenisoma, kazi yako inalala wapi, na wa nyumbani kwako wanalala wapi? Nimekuwa nikijiuliza kama ni mimi peke yangu. Niandikie, hata maneno mawili, na tafadhali usikawie. Jumapili anarudi. Cherehani nitaiacha wazi aione, lakini simu nitaifunika.