Oka na wa Zakaria

Shuleni, njia ya Mkata,
Handeni.
Majilio.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika kwa herufi kubwa ili uisome bila miwani, maana najua miwani umeikalia tena. Magoti yanasemaje? Na kile kikohozi cha mvua kimekuachia, au bado unakinywesha maji ya tangawizi na kuwaambia watu umepona? Sisi huku ni wazima wa mwili. Baba Neema yuko shamba la kijiji tangu alfajiri. Mahindi yameota vizuri, tunaomba tu mvua isitukimbie kama mwaka jana. Neema anakua, na mdomo wake unakua kumzidi mwenyewe. Habari za mdomo huo utazipata humu humu.

Barua yako nimeipata. Utingo wa basi la Korogwe aliiacha dukani pale Mkata, nikaifuata mwenyewe. Niliisoma nimesimama, kisha nikatafuta pa kukaa nikaisoma tena. Umemsalimia kila mtu, mama. Umemsalimia Baba Neema, umemsalimia Neema, umeuliza hata habari za mbuzi wetu aliyevunjika mguu. Zakaria, mdogo wangu, hukumtaja. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayesema jambo dogo, ukaandika: "Mwaka huu sioki."

Nilikasirika. Hasira zangu unazijua, zinatangulia, akili inafuata nyuma ikihema. Nilisema moyoni, mama amemfuta Zakaria. Nilitembea njia nzima ya kurudi nikigombana na wewe, na watu niliopishana nao lazima walifikiri mwalimu amechanganyikiwa. Nilipofika nyumbani na kuketi ndipo nilipolia, na nilipokwisha kulia nikaelewa.

Neema huniuliza kila mwaka hizi biskuti zilianzaje, nami humsimulia vile vile ulivyotusimulia sisi. Kwamba ulipokuwa msichana ulifanya kazi jikoni kwa yule Sista Mjerumani, kule misheni milimani, na kila Majilio, wiki zile za kuingojea Krismasi, alikuwa anaoka biskuti za tangawizi zenye umbo la mtu. Kwamba ulipoolewa na kushuka Kerenge ulikuja na kile kikato cha bati cha kukatia umbo hilo alichokupa. Na kwamba Sista alikuwa anawakata watu wake hivi hivi tu, lakini wewe ukasema mtu hawezi kuwa mtu bila jina, ukaanza kutupa majina yetu. Huyu Rebeka, huyu Zakaria, huyu mdogo wao. Kila mtu anakula wa kwake asubuhi ya Krismasi, na hakuna anayegusa wa mwenzake. Asiyekuwepo anasubiriwa kwenye kopo mpaka arudi. Wangu alinisubiri mwaka ule nilipokuwa chuo cha ualimu, nikamkuta amekuwa mgumu kama tofali, nikamla kwa kumchovya kwenye chai huku wewe umesimama mlangoni unatabasamu.

Kwa hiyo najua kwa nini huoki. Ukimuoka Zakaria, halafu asirudi kutoka huko vitani, nani atamla? Na ukituoka sisi ukamruka yeye, utakuwa umemzika kwa mkono wako mwenyewe. Basi umeona heri usimuoke mtu yeyote. Hiyo ni hesabu ya mama, na mimi siwezi kuisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Lakini Zakaria aliondokea kwangu. Hilo linaniuma mimi peke yangu. Wewe ulimleta huku aje kuendesha trekta ya kijiji, ukaniambia, "Mtazame mdogo wako." Nilikuwa natazama siku ile walipokuja kuita mgambo wa kwenda Kagera. Aliinua mkono akiwa bado na grisi mpaka kwenye kiwiko. Aliyesimama karibu naye, Shabani, akaona mwenzake ameinua, naye akainua. Shabani ni kitinda mimba wa Bibi Mwanaasha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, yule mzee wa Kizigua niliyekuandikia kwamba hubisha hodi hata akikuta mlango uko wazi. Wakapanda lori moja kwenda Segera, wakiimba. Tangu siku hiyo hakuna salamu wala barua. Redio inatangaza habari za vita kila jioni, lakini redio haitaji majina ya watu.

Basi Jumamosi nikasema, kama mama haoki, nitaoka mimi.

Ungeona tabu yake ungecheka. Unga wa ngano dukani hakuna, wala usiulize lini utakuja. Nilikuwa na kidogo alichoniletea Baba Neema alipotoka Korogwe, nikauchanganya na unga wa makopa ya muhogo niliouchekecha mpaka mikono ikaniuma. Sukari hakuna, nikatumia asali ya huku, nyeusi, ina harufu ya moshi. Samli nilinunua kwa Wamasai, na magadi ni ya kwao pia, nikatia kwa ncha ya kidole tu. Tangawizi ni yako ile uliyoikausha. Nilipoitwanga, nyumba nzima ikawa Kerenge, na mimi nikaacha mchi nikanusa viganja vyangu.

Kikato sina, nikakata kwa kisu. Wote walitoka wanene, kama watu waliotoka kwenye karamu ya harusi. Nikawatia macho ya karafuu kama unavyofanya wewe. Baba Neema, mimi, Neema, wewe, na Zakaria. Kisha nikapanga sufuria na mchanga, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, nikaoka vipande vya pembeni kuonja unga, kisha mtu wa kwanza kumweka ndani alikuwa Zakaria, peke yake, ili niujue moto. Kama moto ni mkali, nilitaka nijue mapema.

Sasa sikia mdomo wa Neema. Nyumbani sisi tumezoea kusema "kuoka watoto". "Leo mama anaoka watoto," tulikuwa tunasema hivyo, na pale Kerenge hakuna aliyeshtuka, kila mtu anajua. Mtoto huyu akaenda lamboni, akawakuta akina mama wanateka maji, wakamuuliza mama yako yuko wapi leo haonekani. Akajibu bila wasiwasi: "Mama anaoka watoto. Ameshamweka Mjomba Zakaria kwenye moto, anasubiri aive."

Mimi sikuwa na habari. Nimeinama napuliza mkaa, nasikia miguu inakimbia uani. Bibi Mwanaasha akaingia. Hakubisha hodi. Kanga ameifunga upande wa ndani nje, miguu mitupu, ndoo ya maji mkononi, nusu yake imemwagika njiani. Akaimimina yote iliyobaki juu ya mfuniko wangu, mkaa ukalia, majivu na mvuke vikajaa jiko lote.

"Bibi!" nikapiga kelele. "Bibi, una nini?"

"Mtoe!" akasema. "Mtoe mwenzio huko! Jina la mtu aliye vitani halitiwi motoni, mwalimu! Wewe umesoma, hujui hilo?"

Nyuma yake akaingia Mzee Sefu, balozi wetu wa nyumba kumi, anahema, kofia mkononi. Akajitahidi kusimama kama kiongozi. "Ndugu Mwalimu," akasema, "mtoto wako amesema maneno lamboni. Sisi hatutaki kuyasikia kwa mtoto. Tumekuja kuyasikia kwako."

Mama, nilitaka kuwafukuza wote wawili. Nimekaa nao tangu tulipohamishiwa kijiji hiki, wajukuu zao nimewashika mkono wakaandika a na e, na leo neno moja la mtoto limenifanya mchawi? Maneno yalikuwa mdomoni tayari, mabaya. Kisha nikamtazama Bibi Mwanaasha. Ile ndoo tupu alikuwa hajaiachia. Lambo ni mbali, na maji siku hizi tunayapigania. Mtu wa umri wake alikimbia na ndoo njia yote ile. Hakuja kunishtaki, mama. Alikuja kumtoa Zakaria motoni.

Nikafunua mfuniko. Zakaria alikuwepo, hajaiva, ukingo mmoja umelowa na majivu yamemwingia begani. Bibi akamtoa kwa vidole vyake, akampuliza, akamfuta kwa pindo la kanga. Akamgeuza huku na huku. Ndipo akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ni nini hiki?"

Nikawaambia yote. Sista, Kerenge, majina, kopo. Nikawaambia kwamba anayeokwa ni yule anayesubiriwa, na kwamba moto huu ni wa chakula, hauna neno lingine. Nikawaambia hata barua yako, kwamba mwaka huu mama yetu ameshindwa kuoka. Mzee Sefu akavaa kofia yake. "Basi hakuna shauri," akasema. Lakini hakuondoka, alikuwa anatazama vile vipande vya pembeni nilivyovioka mwanzo kuonja unga. Akaokota kimoja, akakishika mbali kidogo na mdomo. "Hiki si mtu?"

"Hapana mzee. Ukingo tu, hauna jina."

Akala. Akaomba kingine.

Bibi Mwanaasha alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, Zakaria yuko mapajani mwake. Kisha akasema, "Na wangu?"

Sikumwelewa mara moja.

"Waliondoka lori moja," akasema. "Huyu atakaa koponi peke yake? Na wangu muweke."

Nikampa unga. Hakutaka kisu. Alimfinyanga kwa mkono, na mama, nakwambia alikuwa Shabani kabisa, na ile shingo yake iliyoinama kidogo upande mmoja, ambayo sikuwahi kujua kama nimeiona mpaka siku hiyo. Nilipochukua karafuu akanizuia. "Wangu usimtie macho. Sisi hatufanyi hivyo. Mungu anamwona, yatosha." Akawasha mkaa upya yeye mwenyewe, akavuta kigoda karibu, hakukiacha mpaka wote wawili walipoiva. "Safari hii nitawaangalia mimi," akasema, na mimi nikamwachia moto wangu.

Wako kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, Zakaria na Shabani, nimewafunga kitambaa kimoja. Wako anakusubiri chini yao; wengine tutawala siku yenyewe.

Sasa kila asubuhi akienda lamboni Bibi hupitia kwangu. Namwamkia, anaitikia, kisha haulizi habari za nyumbani wala za shule. Anauliza, "Wapo?" Nafungua kopo, anachungulia, ananusa. "Wapo, bibi." "Haya." Anajitwisha ndoo, anakwenda zake. Siku za kwanza nilimwona kama mtoto. Siku hizi akichelewa, mimi ndiye ninayesimama mlangoni.

Mama, sijui kama Zakaria yu hai. Nimeliandika neno hilo kwa sababu sina mwingine wa kumwandikia. Naogopa. Nikisikia lori njiani naacha ninachofanya natoka nje, sijui kama linaleta watu au linaleta habari. Biskuti haijui lolote, mimi si mjinga. Lakini nyumba ambayo hakuna anayeuliza habari za Zakaria ndiyo inayonitisha zaidi. Kwangu anaulizwa kila siku, na anayemuuliza si ndugu yake wala si wa dini yake. Kerenge, kwa mama yake, nani anamuuliza?

Oka, mama. Oka wote, na wa Zakaria. Nimempa dereva wa basi chupa ya asali na unga kidogo wa makopa uliochekechwa, ili usije ukaniambia sukari hakuna na unga hakuna. Kikato unacho. Ukishindwa kumkata yeye, muoke mwisho, au mwite jirani akukatie, lakini aokwe. Kama kuna siku ya kulia, tutalia, na mimi nitapanda basi nije tulie pamoja. Siku hiyo haijatangazwa. Tusiitangaze sisi.

Nisalimie Baba Mdogo mpiga kengele ya kanisa, mwambie Neema bado anaiga kengele yake kwa sufuria zangu. Nisalimie Shangazi mshona nguo, na gauni alilomshonea Neema limeshakuwa fupi. Mdogo wangu wa mwisho mwambie asome, na akuchotee maji bila kunung'unika. Mama Mkubwa wa Korogwe akishuka kukuona, mpe shikamoo yangu na kipande cha ukingo kisicho na jina. Baba Neema anakuamkia, na Neema anasema anaomba radhi kwa bibi zake wote wawili, wa huko na wa huku.

Ni mimi mwanao, niliyeungua vidole,

Rebeka.

Mama, nilikuwa nataka kufunga bahasha Bibi Mwanaasha akapita. Nimemfungulia kopo, akaangalia. Kisha akaniuliza kama na huko kwenu mama yake Zakaria ameshamuoka. Nimemwambia ndiyo, ameshamuoka. Usinifanye mwongo.