Paja la Kuku

Nayeli, uko? Nimeaibika mbele ya shule nzima.

Sherehe ya Siku ya Mama. Nikasoma hotuba yangu, ile iliyokuliza: "Mama ni yule anayekula mwisho."

Doña Eufrosina, muuza tamale za mahindi, akanikatiza, sahani ya kuku wa mchuzi wa mole mkononi: "Mwalimu, mimi hula kwanza. Nikianguka, hawa wanangu watano, punda hawa, utawalisha wewe?"

Akina mama wakacheka hadi viti vikalia. Na, Nayeli, mama yangu pia. Mama yangu alicheka kuliko wote.

Kisha akachukua paja la kuku sahanini mwangu, akaniwekea shingo, ile anayoila siku zote akisema ndiyo aipendayo.

"Siipendi, mwanangu. Miaka ishirini na minne nakudanganya."

Ishirini na minne.

Nimeila ile shingo. Nayeli, ni mifupa mitupu.