Siku ya Kura Tulipanda Mpunga

Jumatano. Wingu zito tangu asubuhi, jua halijatoka hata kidogo. Nimeosha miguu, nimekaa kitandani, na bado naangalia vidole vya mikono yangu.

Vimekunjamana kama vya mtu aliyekufa maji.

Kwetu ni Bungoma. Huu ni mwaka wa sita napanda mpunga hapa Wang'uru, na tangu mwaka jana mwenye shamba amenifanya nyapara wa wapandaji saba. Siku ya kura alinipigia simu alfajiri, akasema zamu yake ya maji imefika, miche iingie shambani siku hiyo hiyo. "Mkimaliza saa tisa mtaenda kupiga kura. Kituo hakina miguu."

Cucu Wambura, bibi yetu sote kwa umri, hakutaka. Akaniuliza: "Baba Nafula, si tupige kura kwanza?"

Alikuwa na haja na kura ile. Mama aliyegombea wadi aliahidi daraja kwenye mfereji mkubwa, pale tunapovukia ubao, pale dada yake Cucu alipoteleza akaenda na maji. Mwenye shamba alikuwa upande wa yule mwingine. Kila mtu alijua.

Nikamwambia, "Cucu, muda uko mwingi. Ingia majini."

Akaingia.

Saa tisa tukafika kituoni na matope magotini. Mashine ya kusoma alama za vidole ikakataa vyangu. Ikakataa vya Cucu, ikakataa vya wote. Karani akasema tukae kando tukauke. Tukajipangusa kwa leso, tukapuliza, tukaficha mikono kwapani. Vijana kwenye foleni wakacheka: "Wazee, ati mnaatamia mayai?"

Saa kumi na moja wakafunga. Waliokuwa kwenye foleni waliruhusiwa. Sisi hatukuwa kwenye foleni. Tulikuwa kando.

Yule mama alishindwa kwa kura tano. Sisi tulikuwa wanane.

Mwalimu, jirani yangu, amenieleza kwamba karani alipaswa kututafuta kwa nambari ya kitambulisho, tujaziwe fomu, tupige kura. Hilo sikulijua.

Lakini kuna hili, na sijamwambia mtu. Nilipokwenda kujiandikisha, mashine ilinikataa vilevile kwa sababu nilikuwa nimetoka kupanda. Nikarudi siku ya pili nikiwa mkavu. Nilimsimulia mwenye shamba kama mzaha, tukacheka wote wawili.

Mimi ndiye niliyemfundisha hila ile.

Cucu hajanilaumu. Leo amevuka ubao mbele yangu, akageuka, akanipa mkono nisiteleze. Mkono huo ni kama naushika mpaka sasa.

Yule mama amepeleka kesi mahakamani. Cucu ameweka kidole gumba kwenye taarifa yake, kwa wino. Mwalimu anasema alama ilitoka safi, kila mstari. Kesho asubuhi wakili wa kesi hiyo anakuja kwa Mwalimu kusikiliza nani mwingine ana la kusema. Na mwenye shamba amepiga simu: kesho ni kupalilia majini, niwahi.

Nikisema, unyapara umekwisha, na chumba hiki pia, maana ni chake. Nikinyamaza, ule ubao bado nitauvuka kila siku, na Cucu akiwa mbele.

Sijui nitaanzaje kumwambia Cucu lile la mzaha.

Lakini kesho siingii majini.