Nilimsingizia Mama Tulizo

Jumapili, Makambako. Upepo umevuma tangu alfajiri, vumbi limeingia hadi kwenye kikombe cha chai. Nina uchungu, na sitaki kujidanganya kwamba ni hali ya hewa.

Wiki tatu zilizopita, mashine ya kutotoleshea vifaranga ya kikundi cha akina mama wa Kitandililo iliharibika. Niliiunda mimi. Ndani yake kuna bodi ndogo inayopima joto na kutuma namba kwa waya hadi kwenye kompyuta yao. Ghafla, badala ya namba, vikaja viboksi na herufi zisizosomeka. Kwa kuwa hawakujua joto likoje, wakawa wanafungua mlango kila mara kupapasa mayai. Hakikutoka kifaranga hata kimoja.

Waliponiita nikakuta waya umelegea kidogo. Nikasema mbele ya kikundi kizima kwamba Mama Tulizo, muuguzi mstaafu aliyekuwa akiitunza mashine, ameuvuta wakati wa kufagia. Akasema hajaugusa. Nikamjibu kwamba waya haujivuti wenyewe.

Wakamnyang'anya ufunguo wa chumba cha mashine siku hiyohiyo.

Nikabadilisha waya, viboksi vikaja vilevile. Nikabadilisha tena. Jana ndipo nilipoichukua bodi nyumbani na kuisoma programu yangu mstari kwa mstari. Siku ile matatizo yalipoanza, asubuhi yake nilikuwa nimekwenda kuiboresha. Niliongeza spidi ambayo bodi inatumia kutuma namba, na kwenye kompyuta nikaacha ya zamani. Umeme ukakatika, nikaondoka bila kujaribu. Bodi ikawa inasema haraka kuliko kompyuta inavyosikiliza.

Kosa langu. Niliandika mwenyewe.

Nikamfuata Mama Tulizo kwake. Alikuwa anapukuchua mahindi uani, na hakuacha kupukuchua hadi nilipomaliza kueleza.

"Ulinisema mbele ya watu, mwanangu," akasema. "Kaseme hukohuko."

Leo baada ya ibada nilisimama mbele ya kikundi nikasema yote. Yeye hakuja. Kompyuta ilikuwa mezani, spidi nimeshazilinganisha, namba zinasomeka vizuri. Mwenyekiti alinisikiliza akitabasamu.

"Yamepita hayo, fundi. Mashine si imepona?"

Nikauliza kama ufunguo utarudi kwa Mama Tulizo. Akasema tusivuruge utaratibu. Ufunguo sasa anao wifi yake huyo mwenyekiti. Wengine wakatazama chini, na hapo nikaelewa kwamba kuna mtu alikuwa anatafuta sababu siku nyingi, nami nikaileta mwenyewe, na utaalamu wangu juu yake.

Nilimpigia Mama Tulizo kumweleza. Alinishukuru kwa upole, akasema ana wageni.

Uongo wangu ulichukua dakika moja kuaminika. Ukweli umesikilizwa vizuri, kisha kikao kikafungwa kwa sala.

Nimeamua kumwambia mwenyekiti kwamba sitaigusa tena mashine ile mpaka ufunguo urudi ulikotoka. Lakini ikiharibika, si ni mayai ya akina mama wote? Mara hii nitakuwa namtetea Mama Tulizo, au nitakuwa natafuta wa kulipia kosa langu tena?