Trekta Halitoki Hapa

Jumatatu, 3 Machi
Trekta limekufa katikati ya shamba, robo tu imelimwa. Mlio wa nyundo ndani ya injini, moshi mweupe, kisha kimya. Nimefungua kizibo cha oili: rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia. Nimemkuta mzee, mume wangu, kibarazani amekaa wima — alisikia yote. Tangu kiharusi kimpige mwaka jana, upande wa kulia haumtii na maneno hayatoki. Lakini masikio ni yale yale ya miaka ishirini kwenye usukani.

Jumanne, 4 Machi
Fundi kaja. Kimoyomoyo namwita Bwana Haiwezekani. Kazunguka, kagonga, kasema injini imekwisha. Shemeji naye alikuwepo — nani alimwita? Anataka trekta liuzwe chuma chakavu, na shamba apewe mtu mwenye nguvu alime kabla ya mvua. Lori la kulibeba ataleta yeye, tarehe kumi na tano. Anasema hayo mbele ya kaka yake kana kwamba kaka yake ni kochi!
Nimemjibu kitu kimoja: "Shemeji, mgonjwa ni injini. Mimi na kaka yako tupo."

Alhamisi, 6 Machi
Nimeshusha silinda hedi, kifuniko kizito cha juu ya injini, mwenyewe, kwa mnyororo uliofungwa kwenye boriti ya banda. Miaka yote nilikuwa nampa mzee spana; kumbe mikono ilikuwa inasoma. Pistoni ya tatu imepasuka, silinda yake ina ufa. Basi: pistoni nne mpya, slivu nne za kuwa kuta za ndani za silinda, ringi, beringi, gasketi. Krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, ina mikwaruzo, iende kuchongwa.
Muuza spea kaniuliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia yuko nyumbani anazisubiri pistoni. Akafunga mzigo.

Jumatatu, 10 Machi
Krankshafti imerudi inang'aa. Fundi kapita "kusalimia". Kasema kupachika slivu si kazi ya mama wa nyumbani. Nusu saa baadaye amekunja mikono ya shati, amepiga magoti, anapachika. Hakuna aliyemwomba. Nikamwekea chai.

Jumatano, 12 Machi
Mzee tumemhamishia bandani na kiti chake. Naingiza pistoni ya pili, akaanza kugonga kikombe kwenye mkono wa kiti. Nikampa maji — kayamwaga. Nikamletea shuka — kalitupa. Anagonga tu. Nikamfokea, Mungu anisamehe. Ndipo nikafuata macho yake. Alama ya juu ya pistoni inatakiwa itazame mbele, nimeiweka ikitazama nyuma. Valvu zingeigonga siku ya kwanza tu, na injini yote kwaheri.
Nikakaa kwenye sakafu yenye oili, nikacheka mpaka nikalia. Naye akacheka, kwa upande ule unaocheka.

Ijumaa, 14 Machi
Boliti za hedi nimekaza mwenyewe, kuanzia katikati kwenda nje, awamu tatu. Mabega yanawaka. Shemeji kapiga simu: lori kesho saa nne. Nikamwambia geti lina kufuli. Kasema geti ni la familia. Nikamuuliza mimi ni mpangaji?

Jumamosi, 15 Machi
Naandika juu ya kiti cha trekta, daftari linarukaruka. LIMEWAKA! Mara nne lilikataa. Ya tano likakohoa moshi mweusi, likashika. Lakini linachechemea, na siwezi kulizima — betri ya kuazima imebaki pumzi tu.
Shemeji yuko getini na lori, anapiga honi. Anasema makelele hayalimi shamba. Fundi anahisi ni pampu ya dizeli. Anahisi.
Mzee kainua mkono wa kushoto. Tukamgeukia. Midomo ikahangaika, ikahangaika.
"Mbili."
Neno zima. La kwanza tangu mwaka jana! Silinda ya pili haichomi. Fundi kaguna kwamba mtu hawezi kujua hayo kwa sikio, ila spana alishaishika. Kalegeza bomba la injekta ya pili, inayopulizia silinda dizeli: mlio haukubadilika hata kidogo. Ingekuwa hai, mlio ungeshuka. Ndiyo hiyo hiyo, imelala. Sasa fundi hamwangalii mwingine ila mzee, anamsubiri aseme tena.
Honi. Shemeji ameshuka, anatikisa geti, anauliza ufunguo anao nani.
Ninao mimi. Injekta kwanza.