Taulo Halishuki

Sudalai, ndugu yangu, uko wapi? Nimemgomea dairekta mbele ya kamera! Mimi!

Ile filamu ya polisi na waasi wa zamani wanayoshuti hapa kijijini. Mimi kazi yangu nisimame tu, nipigwe virungu vya uongo, nile wali wao, basi.

Mwigizaji anayecheza inspekta akaingia. Dairekta akanifokea: "Wewe mzee! Shusha taulo begani, lifunge kiunoni! Si ndivyo ninyi wa tabaka la chini mlivyowaheshimu wakubwa?"

Shusha taulo. Sudalai, SHUSHA TAULO! Babu yangu Irulappan aliingia msituni na bunduki kwa sababu ya neno hilohilo!

Nikamwambia, "Halishuki."

"Mzee, haya ni maigizo tu!"

"Basi igiza wewe. Babu yangu polisi walimuua likiwa begani."

Kugeuka nyuma, wenzangu waliokwisha kushusha yao wanayarudisha mabegani. Hata Mokkaiyan, anayeogopa mpaka kuku!

Yule inspekta wa uongo akaninong'oneza, "Sasa mimi nifanye nini?"

Nikamwambia, "Fanya walichofanya wale wa kweli. Piga. Halishuki."