Maelezo ya Fundi wa Maabara Kuhusu Profesa Aliyeziba Ngazi za Roshani

Shahidi: Fundi wa maabara ya zege katika chuo cha uhandisi, ajulikanaye kazini kama Mizani
Umri: Miaka 46
Makazi: Nyumba za wafanyakazi, nyuma ya karakana ya chuo
Tarehe ya kuandikwa: 9 Juni, saa 10:30 jioni

Nimetakiwa na polisi nieleze ninayoyajua kuhusu lalamiko la mkandarasi aliyejenga ukumbi mpya wa chuo, kwamba Profesa alifanya fujo ukumbini leo. Nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa. Wanafunzi humwita Mama Rula, naye anajua. Kila mwaka, somo la kwanza, huwaambia: "Swali ukilikosa nitakufundisha. Jibu ukiliiba, siku moja litamwangukia mtu."

Mnamo tarehe 9 Juni, saa 2:15 asubuhi, aliingia maabara na ripoti sita za wanafunzi wa mwaka wa tatu. Walikuwa wamepewa vitofali kumi na vinane vya zege lile lile lililomiminwa kwenye roshani ya ukumbi mpya, wavipasue kwa mashine waone vinastahimili uzito gani. Kwa kuziamini ripoti hizo, Profesa alikuwa amesaini cheti kwamba roshani ni salama. Ukumbi ulikuwa ufunguliwe saa 5.

"Fundi," akasema, "nimekaa kusahihisha, nakuta makundi sita yana namba zile zile hadi nukta. Hata mapacha hawafanani hivi."

Akakunja mikono ya gauni, akaingiza mkono kwenye tangi la maji tunamohifadhia vitofali, akahesabu kwa sauti. Vyote kumi na vinane vilikuwemo, vizima. Nami nikavihesabu upya.

Darasa likaitwa. Aliuliza swali moja tu: "Nani alipasua?"

Akasimama binti wa marehemu dada yake, aliyelelewa na Profesa mwenyewe tangu utotoni. "Mama... samahani, Profesa. Hakuna aliyepasua. Mimi nilinakili ripoti ya mwaka jana, wenzangu wakanakili kwangu."

"Asante kwa kusema kweli," Profesa akasema. "Lakini sifuri ni yako, na mwaka utaurudia. Na mimi nimesaini nisichokiona. Njooni wote mashineni."

Tulipasua vitatu. Kila kimoja kilitakiwa kistahimili mpaka kipimo cha mashine kisome 25. Cha kwanza kilivunjika kwenye 11, cha pili 12. Cha tatu kilifika 9, kikapukutika kama mkate mkavu. Hakungoja cha nne. Alivua viatu, akakimbilia ukumbini. Ana miaka sitini na mbili, na sikumfikia.

Saa 4:40 nilimkuta ameketi katikati ya ngazi za roshani, wageni wamejaa mlangoni na kamera zao. Mkandarasi alikuwa akimfokea. Mkuu wa chuo, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, akamwinamia: "Mwalimu wangu, tutaongea baadaye. Usitutie aibu."

Akajibu kwa sauti ya darasani: "Aibu tutaimeza. Msiba je? Cheti kile kina sahihi yangu, na ni cha uongo."

Askari wenu wakaitwa. Kabla hawajamgusa, yule binti alikwenda akaketi kando yake, kisha darasa zima, ngazi kwa ngazi. Hakuna aliyepiga kelele.

Profesa aliomba jambo moja: mapipa matupu yapangwe juu ya roshani, ukumbi ubaki bila mtu, halafu yajazwe maji kwa mpira kutoka nje mpaka uzito wa watu mia mbili. Mkandarasi alicheka, akakubali.

Saa 6:50 mchana, mapipa hayajafika hata nusu, tulisikia mlio kama wa kitambaa kinachochanika. Roshani ikaporomoka yote. Vumbi lilipotulia, maji yalikuwa yakitiririka juu ya viti walivyoandaliwa wazazi. Mkandarasi alikaa chini. Mimi ni mtu mzima, lakini nililia. Profesa hakumwambia mtu "si niliwaambia." Aliwahesabu wanafunzi wake mmoja mmoja, akiwagusa bega.

Saa 9 alasiri alibandika matokeo ubaoni. Sifuri ishirini na nne za wanafunzi. Ya ishirini na tano ilikuwa mbele ya jina lake mwenyewe.

Hayo ndiyo niliyoyashuhudia kwa macho yangu, sikusimuliwa na mtu. Nimesomewa, nami nakiri yameandikwa kama nilivyosema.

(Sahihi ya shahidi)

Maandishi ya afisa: Shahidi alisaini saa 11:05 jioni, akaondoka. Saa 11:20 alirudi mwenyewe, akaomba iongezwe ifuatavyo: "Ripoti zote sita zilikuwa na mhuri kwamba vitofali vilipasuliwa mbele ya fundi wa maabara. Mhuri ule niliupiga mimi. Sikuona hata kimoja kikipasuliwa, na leo hakuna aliyeniuliza." Nimeandika alivyosema. Amesaini upya.